Mizizi ya Homa Kutoka Chilangala

Mwaka 1994, katika basi la kutoka Newala kwenda Masasi, muuguzi Anjelina alimsikia mzee Gervas akimuuliza kijana mtafiti aliyepakata mizizi mikavu: "Mjukuu wangu, hiyo si dawa ya homa? Marehemu mke wangu aliwachemshia watoto wote wa Chilangala."

"Ndiyo, babu. Tunaipima maabara, tujue inavyoua vijidudu vya malaria."

"Basi andika na jina la mke wangu."

"Fomu inataka jina la mti tu, babu."

"Kwani mti ulijichemsha wenyewe?"

Anjelina, aliyekulia Chilangala, akakumbuka uchungu wa kikombe cha dawa ile utotoni, na kiganja cha mke wa mzee kwenye paji la uso wake. Basi likasimama Masasi. Kijana akashuka, mzee nyuma yake, akimtajia herufi moja moja: "Jei... Oo... Esi..."