Fundi wa Mawe na Mwaka Uliomtia Shaka

Marehemu, ambaye wengi mlimwita Fundi Eksi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa nne kwa mama yake na wa kwanza kuishi. Alilelewa kwa hofu, na hofu hiyo haikumtoka.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1973, akaingia karakana ya mjomba wake ya kuchonga mawe ya makaburi na ya majengo. Wateja walipenda mwaka uandikwe kwa namba za Kirumi, na kuigeuza miaka kuwa namba hizo ikawa kazi yake; ndipo akaitwa Eksi, kwa herufi X, kumi ya Kirumi. Aliandika kwanza kwa chaki, akanywa maji, akahesabu upya. Alizoea kusema, "Jiwe halina kifutio."

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987. Wakati wa uchumba alimwandikia mchumba wake umri wa binti huyo kwa chaki: XXI.

"Misalaba miwili na fimbo! Unanizika?"

"Ishirini na moja, bibie. Hiyo moja ikifuata kumi, inaongeza. Ikiitangulia, inapunguza."

Mungu aliwajalia watoto watatu.

Mwaka huu alichonga jiwe la kanisa letu jipya, MMXIX, likawekwa juu ya mlango na kufunikwa kitambaa hadi siku ya kubarikiwa. Mwezi Oktoba figo zikamlaza hospitalini, na huko shaka ikamwingia.

"Mama watoto, ile moja niliiweka wapi? Ikiwa mwisho kabisa, nimeandika elfu mbili ishirini na moja."

"Umeandika sawa, Baba."

"Mmeliona?"

Hakuna aliyekuwa ameliona. Chakula kikamshinda. "Kosa langu litakaa kwenye nyumba ya Mungu, watu wakiingia na kutoka," alisema.

Jumamosi tarehe 16 Novemba alimsihi mkewe aende kanisani akalitazame. Mkewe aliazima ngazi ya wapaka rangi, akapanda huku akisali, akafunua kitambaa, akapitisha kidole kwenye kila herufi. Akarudi mbio. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni akimsubiri. Marehemu alikuwa amefariki saa saba mchana.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wawili. Mjane ndiye aliyeandika haya, naye anaomba ruhusa yenu amjibu.

Baba, moja imekaa katikati ya kumi mbili. Inapunguza. Ni elfu mbili kumi na tisa, mwaka huu huu. Lala sasa, Bwana akupe amani yake.