Kondoo Mwekundu Aendaye Kombewa

Kwenye tuktuk nilimpakata mwanangu. Mzee kando yangu alibana kondoo dume katikati ya magoti: mwekundu, mdogo, mkia mnono. "Nampeleka soko la Kombewa nibadilishe na dopa, wale kondoo wakubwa wa kisasa," alimwambia mama muuza mboga aliyeketi mbele yetu. "Huyu hakui. Ni kama paka."

"Mzee, dopa wangu watatu walimalizwa na minyoo kwa msimu mmoja tu wa mvua. Huyu umempa dawa mara ngapi?"

"Hata siku moja. Nyanya yangu alikuja na mbegu yao alipoolewa. Hawajui dawa."

"Na mafuta ya mkia, mliyatumia?"

"Tulipakwa sisi wote utotoni." Nikatazama mashavu yake. Yalikuwa laini kuliko yangu.

"Halafu unamtoa."

"Mama, majirani wananicheka."

Tuktuk ikasimama sokoni. Mzee akashuka, akavuta kamba. Kondoo hakutoka. Mwanangu alikuwa ameushika mkia kwa mikono miwili, nami sikuwa na haraka ya kumwambia auachie.