Mwili ni wa Nani

Foleni ya ofisi ya chifu pale Kabiro haikuwa imesonga tangu asubuhi. Seline alikuwa amefuata barua ya kuthibitisha kwamba ni mke, ili mochari impe mwili wa mumewe, aliyeandika kwenye wosia kwamba azikwe makaburi ya Lang'ata, hapa Nairobi. Alikosea tu kumweleza Opondo, mzee asiyemjua aliyesimama nyuma yake.

"Wosia ni ya mali, mama," Opondo alisema, akicheka kwa pua. "Mwili ni wa ukoo." Yalikuwa maneno yale yale ya shemeji zake, waliotaka azikwe kijijini kwao, na Seline alikuwa ameyachoka. "Wakili aliniambia mwili si mali ya mtu. Sasa ukoo unaumiliki aje?"

"Huyo wakili hajui mila."

Seline akampima kutoka viatu hadi kofia. "Na wewe umefuata nini?"

"Barua ya mirathi. Shamba la ndugu yangu."

"Mlimzika lini?"

Opondo alikohoa. "Bado. Ako mochari, huu ni mwezi wake wa nne. Tunajipanga."

"Na huyo si wa ukoo?"

Watu wa mbele waligeuka kusikiliza. Karani akafunga dirisha, akaenda kula.