Bwana Nusu, Muuza Amplifaya Asiyemaliza Wimbo

Mume wangu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Aprili 1948, mtoto wa tatu kati ya sita, baba yake akiwa seremala na mama yake muuza mboga. Mama mkwe alinisimulia kwamba alilia kwa sauti moja ndefu, akanyamaza ghafla katikati, na mkunga akabaki ameinamisha sikio akisubiri kilichobaki. Asiyesadiki angemuuliza mkunga, ila mkunga ametangulia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1956, akamaliza darasa la saba mwaka 1962. Hesabu zilimlemea. Lakini alitwaa waya wa breki ya baiskeli, akaukaza juu ya dawati kwa misumari ya baba yake, na dawati likaimba. Mwalimu alikuja na fimbo, akasikiliza, akaiweka fimbo mezani, akasema, "Endelea." Marehemu akaacha. Tangu utotoni alijua pa kumwachia mtu.

Mwaka 1967 aliajiriwa katika duka la vyombo vya muziki, kwa bwana tuliyezoea kumwita Tajiri, ambaye yupo nasi hapa, kiti cha mbele. Kazi ya marehemu ilikuwa kuuza amplifaya, yale masanduku yanayokuza sauti ya gitaa mpaka isikike mtaa wa pili. Alifuta vumbi, akachomeka waya, akasubiri kitaa chekundu kiwake, ndipo akapiga. Ila hakuumaliza wimbo hata siku moja. Pale utamu unapopanda, mkono ulitulia. Mteja akilalamika, marehemu alilipigapiga sanduku kwa kiganja: "Mwisho umo humu. Lipia, ukaumalizie kwako." Na watu walilipia! Mtaa ukambandika jina, Bwana Nusu. Siku moja alifungua sauti yote, vifungo vikachomoka kwenye mashati ya fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, vikajipanga dirishani visikilize. Fundi cherehani naye ametangulia.

Mimi nilitumwa pale na kaka yangu kununua uzi mmoja wa gitaa. Akapiga kitu ambacho sikuwahi kukisikia, polepole, kama mtu anayekuita kutoka chumba cha pili. Akaacha. Nikaondoka na uzi, usingizi wangu ukabaki dukani. Kesho yake nikarudi.

"Leo unataka nini, dada?"

"Mwisho."

"Mwisho hauuzwi rejareja."

"Basi niuzie jumla."

Jumla yake ikawa ndoa, tarehe 8 Septemba 1973. Toka siku hiyo hakuniita mke wangu wala mama watoto. Aliniita Mteja. "Mteja, chumvi iko wapi?" "Mteja, mtoto analia." Na ule wimbo aliupiga vilevile, akauacha palepale.

Kisha uchumi ukaanguka. Viwanda vilipunguza watu, bendi zikauza magitaa zipate kulipa kodi za nyumba. Amplifaya dukani zilikaa kama wageni waliokosa usafiri. Watu waliingia, wakasoma kibandiko cha bei, wakarudisha mikono mifukoni taratibu. Paka wa duka alizalia nyuma ya amplifaya moja, na hakuna aliyemhamisha, maana hakuna aliyeiulizia. Tajiri akaishiwa uvumilivu.

"Nusu, unawaudhi watu. Wape wimbo mzima, dhiki walizo nazo zinawatosha."

"Nikiwapa mzima wataenda, bosi."

"Wape, nimesema!"

Akawapa. Wiki nzima alipiga nyimbo zote hadi mwisho, ila ule wangu tu. Duka lilijaa mpaka barazani. Watu walifumba macho, wakapiga makofi, wakamwambia, "Mungu akubariki, mzee wetu," wakaenda zao wameshiba. Hawakununua hata plagi. Siku ya mwisho ya wiki ile alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake. "Umeona, Mteja? Mtu akishapata mwisho, harudi."

Duka lilifungwa mwaka 2009. Tajiri alimpa amplifaya moja ya kuagana, ileile ya paka, ikakaa sebuleni kwetu chini ya kitambaa nilichofuma. Kila jioni aliiwasha, ikanguruma kidogo kama mtu anayesafisha koo, akaupiga wimbo wangu, akauacha. Wajukuu walijua kuwa ukinyamaza ndipo wanapoitwa kula.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, kisha vidole. Nilipoona hawezi tena kuubana uzi sawasawa, niliingiwa na hofu. Nikampelekea gitaa kitandani.

"Mzee, leo nimalizie."

"Bei imepanda, Mteja."

"Mimi sitanii."

Akanitazama sana. "Wala mimi. Wale wa dukani walipiga makofi wakaenda. Nikikupa mwisho, kesho utanijia kwa lipi?"

"Mjinga wewe! Ningekuja hata kama ungenipigia sufuria."

Alicheka mpaka akakohoa. Akaushika mkono wangu, akasema, "Haya. Ngoja vidole vishuke, nikumalizie."

Vidole havikushuka. Alifariki tarehe 2 Juni 2022, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Alivuta pumzi moja ndefu, akaiacha katikati, nami nikabaki nimeinamisha sikio kama yule mkunga.

Jioni hizi chache tangu hapo naiwasha amplifaya. Kitaa kinawaka, sanduku linanguruma, nami nimekaa. Mwisho nimejaribu kuutafuta mwenyewe kwa mdomo, huu na ule. Hakuna unaokaa.

Ameacha mjane, watoto wanne, ambao ni muuguzi, dereva, mwalimu na kitindamimba asemaye kazi itakuja. Wajukuu tisa, kitukuu mmoja, dada yake mdogo, Tajiri wake, na ukoo mzima wa yule paka.

Huko aendako atawakuta mashahidi wangu, mkunga na fundi cherehani, wamwambie kama nimeongeza chumvi. Apumzike kwa amani, na vidole vyake vishuke. Awapigie wote atakaowakuta, tena nyimbo nzima akipenda. Ila ule wangu auache palepale, mpaka Mteja afike.