Madaftari Kumi na Moja ya Mwalimu Geuza

Marehemu, ambaye wengi walimjua kwa jina la Mwalimu Geuza, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa kitinda mimba wa fundi viatu.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapo hapo mjini, kisha akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1972. Chuoni ndiko alikokutana na kinanda, nacho kilikuwa na vitufe vinne vibovu. Kila wimbo aliopewa aliuzungusha ili ukwepe vile vibovu. Mkufunzi wake akamwambia, "Bwana mdogo, huu si wimbo niliokupa." Akajibu, "Ndio huo, mwalimu, ila umepitia mlango wa nyuma."

Kuanzia 1973 hadi alipostaafu mwaka 2006 alifundisha kuimba, akaongoza kwaya ya walimu. Hakuwahi kudai kwamba ametunga kitu. Alichukua wimbo uliopo, akaupunguza mwendo, akaupindua, akauondolea kichwa, mpaka ukawa mwingine. Wanakwaya walimtania: "Mwalimu, huu si ule wa juma lililopita?" Naye alikuwa akijibu, "Ule ule. Nimegeuza kola tu."

Msemo huo aliuokota kwa mkewe, fundi cherehani, waliyefunga naye ndoa tarehe 18 Desemba 1976. Walijuana alipompelekea shati lililochakaa shingoni, ageuziwe kola. Fundi huyo alipokanyaga cherehani, alivumisha kawimbo kafupi. "Umekatoa wapi?" marehemu akamuuliza. "Hata sijui. Kanakuja na mguu."

Kutokana na kawimbo hako marehemu alitoa nyimbo sitini na tatu, zilizojaza madaftari kumi na moja. Aliandika nota zilizobadilika tu. Penginepo pote aliandika "kama mwanzo". Mwanzo wenyewe hakuuandika popote. Ulikuwa chumba cha pili kwa mkewe, ukivuma kutwa. Nani angeona haja?

Mkewe alifariki tarehe 6 Juni 2013. Cherehani ikafunikwa shuka.

Tarehe 2 Agosti 2021 marehemu alipatwa na kiharusi, kikachukua mkono wa kulia na sehemu kubwa ya maneno yake. Juma la tatu alimshika bintiye kiganja, akauliza kwa taabu, "Mama yako... alianzaje?"

Binti akaimba. Baba akatikisa kichwa. "Hiyo ya ishirini na nane." Akajaribu tena. "Ya arobaini." Binti alikulia ndani ya nyimbo zilizogeuzwa, hata uliokuwa wa kwanza hakuweza tena kuutenga na wenziwe. Wanakwaya wa zamani waliitwa, kila mmoja akaja na kipande alichokikumbuka, na baba akakitajia kila kimoja namba ya wimbo wake. Mama mdogo, alipoulizwa, alishangaa: "Dada alikuwa na wimbo? Mimi nilidhani ni ile cherehani inalia."

Walitafuta kila alasiri baada ya dawa, miaka miwili na nusu. Alikumbuka zote sitini na tatu. Ule mmoja ulimtoka.

Tarehe 9 Februari 2024, saa kumi alasiri, binti aliondoa shuka, akaketi kwenye kiti cha mama yake, akakanyaga cherehani bila kitambaa, akidhani labda mguu ungejua. Akavumisha kilichomjia. Baba alisikiliza mpaka mwisho, macho wazi.

"Siyo," alisema. Hilo ndilo lililokuwa neno lake la mwisho; alifariki jioni hiyo.

Familia ingetamani kuandika hapa kwamba aliupata kabla ya kuondoka. Hakuupata. Wala hakuna mtu mwingine anayeujua.

Ameacha binti mmoja, wajukuu wawili, shemeji mmoja, na wanafunzi ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu.

Wimbo wa sitini na tatu, ambao aliuandika juma moja baada ya kumzika mkewe, hakuwahi kumfundisha yeyote. Una nota tisa tu. Kwingine kote ni "kama mwanzo". Kwaya itaimba hizo tisa leo, kabla jeneza halijashushwa. Pale palipoandikwa "kama mwanzo", itanyamaza kwa urefu ule ule, kisha itaendelea.

Apumzike kwa amani kando ya mkewe.