Fabiola Qamara na Swali la Ng'ombe

Fabiola Qamara alikuja duniani tarehe 14 Mei 1966 hapa hapa Masieda, mtoto wa tatu wa Mzee Qamara Tluway na Mama Agatha. Wanaomkumbuka utotoni wanasema alikuwa mdadisi kupita kiasi: mgeni hajakaa vizuri, ameshaulizwa ametoka wapi na ameacha nani nyumbani.

Alisoma shule ya msingi Masieda, akaendelea na sekondari mjini Mbulu, kisha akasomea utunzaji wa kumbukumbu za afya. Hesabu alizipenda. Kupika alikuvumilia tu, na familia haioni sababu ya kuficha hilo.

Tarehe 12 Septemba 1992 alifunga ndoa na Mwalimu Wilbard, aliyepangiwa kazi huku akitokea Bukoba. Siku ya posa Mzee Qamara alimkazia macho. “Ng'ombe zenu zinakunywa maji wapi?” Mwalimu akajibu kwa sauti ndogo, “Kwetu ni migomba, Mzee.” Nyumba nzima ilicheka, lakini mzee hakuwa na utani. Kwake, mahali ng'ombe wako wanapokunywa ndipo kwenu. Mwalimu alinunua mtamba, ndipo mambo yakaendelea.

Swali hilo Fabiola alikwenda nalo kazini. Kwa zaidi ya miaka ishirini, katika hospitali moja mjini Mbulu, alikusanya taarifa za wagonjwa wa saratani wodini, maabara na kwenye vyeti vya vifo. Alihakikisha aliyetibiwa sehemu mbili hahesabiwi mara mbili, kisha akazituma kwenye rejesta ya saratani ya taifa. Kitu kimoja kilimkera. Wagonjwa wengi walisema wanakaa mjini, kwa sababu ndiko walikofikia kwa ndugu. Kwa hesabu hiyo vijiji vya bondeni havikuwa na mgonjwa, na kusiko na mgonjwa nani atapeleka daktari?

Siku moja alimpokea mzee aliyefikia kwa binti yake.

“Shikamoo, Mzee. Unakaa wapi?”

“Marahaba. Hapa hapa mjini.”

“Na ng'ombe zako zinakunywa maji wapi?”

“Yaeda Chini, kule bondeni, mama. Hapa mjini zinywe wapi, kwenye bomba la hospitali?”

Tangu hapo aliwauliza wote hivyo, na hakuna mgonjwa aliyemkwepa. Miaka michache baadaye Yaeda Chini ilionekana kwenye takwimu, na kliniki ya uchunguzi ya gari ikaanza kushuka huko licha ya ubovu wa njia. Fabiola alipanda gari la kwanza, akarudi na vumbi hadi kwenye kope, akajisifu wiki nzima. Alikuwa na haki ya kujisifu.

Februari 2024 ugali ulianza kumkwama kooni. Alijua kabla yetu. Alitibiwa Arusha akiwa kwa binti yake Letisia, na karani alipoandika kuwa ni mkazi wa Arusha, alimwambia, “Futa, mwanangu. Mimi ni wa Masieda.”

Kaka yake Sulle, ambaye ndiye anayewasomea haya, alitaka tuseme tu kwamba aliugua kwa muda mrefu, kama tulivyozoea. Aliogopa watu wangeacha kula nyumbani kwetu na mabinti wa ukoo wangekosa wachumba. Fabiola alimshika mkono.

“Kaka, nimewahesabu watoto wa watu, halafu mimi mnifiche? Mkinificha, Masieda itapungua mtu mmoja.”

Sulle alilia, akaahidi kuutaja ugonjwa mwenyewe siku ya kumzika, yaani leo. Fabiola alifariki mchana wa tarehe 3 Juni 2025, nyumbani kwake, akiwa ameshikwa mkono na mumewe.

Ameacha mume, Mwalimu Wilbard; watoto wawili, Letisia na Maximilian; wajukuu wanne; na kaka yake Sulle.

Jana alikuja Odilia, aliyerithi kazi yake. Alitupa pole, kisha kwa heshima zote akauliza kama alivyofundishwa: amefariki kwa ugonjwa gani, na ng'ombe zake zinakunywa maji wapi? Sulle alimjibu, na sasa anarudia mbele yenu nyote. Fabiola Qamara amefariki kwa saratani ya koo la chakula. Ng'ombe wake wanakunywa maji hapa Masieda. Apumzike kwao, kwa amani.