Dawa ya Eliana

ELIANA: Haloo? Haloo, nani anapiga?

SPECIOSA: Amahoro, Eliana. Ni mama.

ELIANA: Mama! Amahoro. Mbona namba mupya?

SPECIOSA: Simu ile iliungua. Niliangukia jikoni nayo mukononi.

ELIANA: Ulianguka tena?

SPECIOSA: Mara mbili tangu mutoke kwangu muhamie Kabezi. Ya mwisho nilizinduka mwenyewe. Hakukuwa mutu.

ELIANA: Na majirani—

SPECIOSA: Wananisalimia toka barabarani. Wanaogopa kifafa. Hata kanisani ninakaa benchi nzima peke yangu. Lakini sikiliza, nilienda Bujumbura, wakanipiga picha ya kichwa.

ELIANA: Mume wangu anasema ni pepo—

SPECIOSA: Si pepo. Iko minyoo. Ya nguruwe. Imejifungia kwenye ubongo, midogo kama punje za muchele.

ELIANA: Mungu wangu! Ile nyama tuli—

SPECIOSA: Haloo? Unakatika!

ELIANA: Nasema ile nyama ya nguruwe tuliyokuwa tunakula kwako ndiyo imekuponza!

SPECIOSA: Mimi silagi nguruwe, unajua. Nilifuga za kuuza tu.

ELIANA: Sasa ilitoka wapi?

SPECIOSA: Munganga anasema mutu akila nyama haijaiva, munyoo unakaa tumboni, na mwenyewe hajui. Akitoka chooni bila sabuni, mayai yanabaki mikononi. Yanaingia kwenye chakula cha wengine.

ELIANA: Chakula.

SPECIOSA: Eh.

ELIANA: Mama, ni mimi nilikuwa napika.

SPECIOSA: Ulipika vizuri sana.

ELIANA: Mama...

SPECIOSA: Nimepiga sababu ya dawa. Nenda kituo cha afya kesho, wakupime choo. Na watoto. Iko dawa ya kumeza, usiogope.

ELIANA: Niliwakataza watoto kikombe chako.

SPECIOSA: Najua. Nilikuwa namuona mutoto wako Raisa anakizunguka.

ELIANA: Nani anakuangalia sasa?

SPECIOSA: [anacheka kidogo] Nguruwe moja imebaki.

ELIANA: Nitakuja. Jumapili nita—

SPECIOSA: Upimwe kwanza.

ELIANA: Nikishapimwa, nakuja.

SPECIOSA: Na mume wako?

ELIANA: [mikwaruzo] ...nitamwambia. Mama, nisa—

SPECIOSA: Inite za simu zinaisha! Usisahau sabuni. Na kucha, ukate za watoto!

ELIANA: Nataka kusema kitu. Haloo? Unanisikia?

SPECIOSA: Nakusikia.

ELIANA: Haloo? Mama?

SPECIOSA: Nakusikia, mwanangu, sema. Sema tu. Eliana? [mikwaruzo] Niko hapa.